Ziara ya mashamba ya watumwa Malindi, nimeipenda

Mkichoka na bichi mtafuteni mtembeza watalii anayekaa njia ya kwenda mnara wa Vasco da Gama. Anawapa historia ya miaka ya 1860, mtama na ufuta ukilimwa na watumwa mpaka utumwa ukafutwa 1907, hapo anaenda mbio kidogo, lakini utamu ni akianza kueleza uchimbaji wa mambo ya kale, yaani nyumba za mawe za wenye mali unaziona mpaka leo ila vibanda vya udongo na makuti vilioza zamani, kwa hiyo wachimbaji wanafuata alama nyeusi ardhini pale nguzo ziliposimama alafu wanachekecha mchanga wote wakitafuta shanga na vigae. Bei elewaneni mapema, na maji bebeni, jua la huko halina adabu.