Swichi ya MikroTik CRS326 baada ya miaka sita ya masasisho

Swichi ninayoizungumzia hapa, yaani kifaa cha kuunganisha vifaa vya mtandao kwa waya, ni MikroTik CRS326-24G-2S+RM, yenye poti 24 za gigabiti moja na poti mbili za nyuzi za kioo zinazofika gigabiti 10. Niliifunga mwaka 2019 katika raki ya shule moja ya bweni mkoani Morogoro, na hadi leo inahudumia ofisi, maabara ya kompyuta, maktaba na waifai ya mabweni. Dukani mnunuzi huuliza idadi ya poti na bei. Swali ambalo haliulizwi, na ambalo kwangu limekuwa kubwa kuliko hayo mawili, ni kama mtengenezaji ataendelea kuishughulikia programu ya kifaa hicho akishalipwa.

Nililijua hilo kwa gharama. Swichi iliyotangulia, ya kampuni nyingine, ilipata sasisho moja tu bila malipo, na yaliyofuata yakafungwa nyuma ya mkataba wa kila mwaka ambao shule haikuweza kuulipia. Kifaa kilikuwa kizima kabisa, lakini programu yake ilikwishaachwa. MikroTik, kampuni ya Latvia, hutoa matoleo mapya ya RouterOS, mfumo endeshi wa vifaa vyake, bila kudai ada, na swichi ya mwaka 2019 hupokea toleo lilelile linalopokewa na kifaa kilichotoka kiwandani mwaka huu.

Faida yake haikuwa kuziba matundu ya usalama tu. Swichi ilipofika ilikuwa na RouterOS 6, ambayo tangu toleo la 6.41 la Desemba 2017 iliiwezesha chipu yenyewe inayopitisha data kati ya poti kutenganisha VLAN, yaani mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi moja, bila kuibebesha prosesa mzigo. Hata hivyo, data iliyotoka VLAN ya ofisi kwenda VLAN ya maabara ilipaswa kupitia prosesa, ambayo ni ya kasi ya megahezi 800 na haikukusudiwa kazi ya ruta. Desemba 2021 likatoka toleo thabiti la 7.1, lililoiruhusu chipu kufanya pia kazi ya kuelekeza data kati ya mitandao. Siku nilipoiwasha huduma hiyo, kunakili faili kubwa za mitihani kutoka seva ya ofisini kwenda maabara kulikwenda kwa kasi kamili ya poti, huku prosesa ikiwa imetulia. Uwezo huo haukuwapo tulipoinunua, nasi hatukuulipia shilingi. Ieleweke tu kwamba katika modeli hii chipu haifanyi kazi ya NAT, yaani kubadilisha anwani za ndani ziwe anwani ya intaneti, kwa hiyo safari za kwenda intaneti bado ni za ruta na hazipaswi kupachikwa kwenye swichi.

Kuna herufi moja ambayo kila fundi anayeishika swichi hii anapaswa kuizoea. Ukifungua orodha ya poti zilizo ndani ya briji, yaani kundi la poti zilizounganishwa pamoja katika mipangilio, kila poti inayohudumiwa na chipu ina herufi H pembeni yake. Herufi hiyo ikitoweka, data ya poti hiyo inapita kwenye prosesa, na hakuna kengele itakayokuambia. Mwaka wa pili niliunda briji ya pili kwa ajili ya kamera za ulinzi, bila kujua kwamba katika familia hii ya swichi ni briji moja tu inayopata msaada wa chipu. Poti za kamera zikapoteza H, prosesa ikapanda hadi asilimia 100, na kwa siku mbili nilikuwa nakagua waya ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Kosa lilikuwa langu, kwani maelezo ya mtengenezaji yanalitaja wazi. Kamera zinapaswa kuwekwa katika VLAN yake ndani ya briji ileile. Tangu hapo, baada ya kila sasisho jambo la kwanza ninalolitazama ni herufi hiyo.

Kusasisha kwenyewe ni kazi nyepesi, ila ina hatua mbili, na wengi hukamilisha moja tu. Amri ya kwanza hupakua na kuweka RouterOS mpya, na swichi hujiwasha upya. Programu ya kuwashia kifaa, RouterBOOT, husasishwa kwa amri yake, kisha swichi huwashwa upya mara ya pili. Kabla ya hapo ninahifadhi nakala mbili: bakapu ya kawaida, na mipangilio yote kwa maandishi, ambayo ndiyo inayosomeka hata ukilazimika kuhamia kifaa kingine. Ninapobadilisha VLAN nikiwa mbali, ninabonyeza kwanza kitufe cha Safe Mode ndani ya WinBox, programu ya MikroTik ya kusimamia kifaa kutoka kwenye kompyuta; kitufe hicho hufuta mabadiliko yote iwapo mawasiliano yatakatika kabla sijayathibitisha.

Wako mafundi wanaosema kwamba mtandao unaofanya kazi usiguswe. Ninauheshimu uzoefu wao, lakini historia ya RouterOS yenyewe inawapinga. Mwaka 2018 lilijulikana tundu katika huduma ya WinBox, CVE-2018-14847, lililomwezesha mtu wa nje kusoma majina na nywila za watumiaji. Marekebisho yalitolewa mwezi Aprili mwaka huohuo, na bado vifaa vingi mno duniani viliendelea kuvamiwa kwa miezi mingi kwa sababu wenyewe hawakuvisasisha. Mimi husubiri wiki mbili tatu baada ya toleo thabiti kutoka, nikasoma orodha ya mabadiliko, kisha nikalipokea. Matoleo ya majaribio siyagusi kabisa katika raki ya shule.

Swichi inaweza pia kuwashwa kwa SwOS, mfumo mdogo wa kurasa za wavuti usio na amri za kuandika. Unatosha kwa duka lenye VLAN mbili. Kwa shule haukutosha.

Kinachonitia wasiwasi ni hifadhi ya megabaiti 16 pekee. RouterOS 7 ilizidi kunenepa hadi toleo la 7.13, la mwishoni mwa 2023, lilipotenganisha programu za waifai na kifurushi kikuu. Na aliye chini ya 7.12 hana budi kupitia 7.12 kwanza. Kagua nafasi iliyobaki, na ufute bakapu za zamani ndani ya kifaa ukishazihamisha.

Jambo jingine ni ulinzi ulioongezwa nguvu katika toleo la 7.17, ambao huzuia baadhi ya mambo, likiwamo kurudi kwenye matoleo ya zamani yasiyoruhusiwa, mpaka mtu aliye karibu na kifaa abonyeze kitufe au akate umeme ndani ya dakika chache. Ninauunga mkono, kwani mvamizi wa mbali hawezi kuchomoa waya. Lakini mwenye swichi iliyo mbali naye ajipange. Mimi nimeelewana na mtunza maabara: ninampigia simu, ninaandika amri, naye anachomoa waya wa umeme, anahesabu hadi kumi, kisha anauchomeka tena.