Uzoefu wangu na Biodiversity Heritage Library: nimemsoma Kasisi Berkeley bila kulipa hata senti

Kwa mtu wa kilimo anayependa kujua mambo yalianzia wapi, maktaba hii ya mtandaoni naipa nyota zote tano. Ni bure, haikulazimishi kujisajili, na unasoma skani za kurasa zenyewe za zamani pamoja na michoro yake.

Mimi nilimtafuta mtu mmoja tu: Miles Joseph Berkeley, kasisi wa Kianglikana wa Northamptonshire, Uingereza, aliyezaliwa 1803. Alihudumia makanisa ya vijijini, akalea watoto wengi kwa kipato kidogo, na bado akapata muda wa kukaa na hadubini. Makala yake ya 1846 kuhusu kuoza kwa viazi ndiyo iliyonishika. Ireland ilikuwa inaingia kwenye njaa iliyokuja kuua watu wapatao milioni moja, na wataalamu wengi wakishikilia kwamba mvua na baridi ndizo zinazoozesha viazi, ukungu unafuata baadaye kula kilichokufa. Berkeley akakataa: ukungu ndio unaoanza. Kuza mchoro wake uone vijiti vyenye matawi vikichomoza kwenye vitundu vya kupumulia chini ya jani, vimebeba vimbegu kwenye ncha. Ni ugonjwa uleule wa baka jani chelewa unaomaliza viazi na nyanya zetu! Leo wanasayansi wamekiondoa kiumbe hicho kwenye kundi la kuvu, lakini hoja ya kasisi ilisimama. Anton de Bary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliithibitisha kwa majaribio mwaka 1861.

Halafu fungua Gardeners' Chronicle, gazeti la bustani la Uingereza, la 1869. Majani ya kahawa yalikuwa yametumwa kutoka Ceylon, Sri Lanka ya sasa, na Berkeley pamoja na mwenzake Broome wakaupa ukungu wake jina Hemileia vastatrix. Sisi wa Kilimanjaro tunauita kutu ya majani, ule unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni ukigeuza jani. Kule Ceylon uliwashinda wakulima, wakang'oa kahawa wakapanda chai. Nilisoma ukurasa ule mara mbili, maana mrututu, dawa ya shaba tunayopiga kila msimu, unapambana na kitu ambacho mzee huyu alikitambua akiwa hajakanyaga shamba la kahawa.

Wenye bando dogo, msipakue juzuu zima. Chagueni kurasa mnazotaka, mtatengenezewa PDF yake peke yake. Na mkitafuta, andikeni jina la kisayansi la kiumbe. Linafikisha haraka kuliko jina la ugonjwa.