Gari la kulala safarini: kabla ya kuchagua dizeli au petroli, fungua sampu

Mwaka juzi, mwezi wa nane, gari letu lilizimika katikati ya mlima Kitonga. Watoto wawili walikuwa wamelala kwenye kitanda cha nyuma, na malori ya Tunduma yalikuwa yanatupita karibu kiasi kwamba mlango wa dereva haukufunguka. Taa nyekundu ya oili ilikuwa imewaka mara mbili tangu Mikumi, ikazima. Baba watoto alikuwa amepima oili asubuhi na ilikuwepo ya kutosha, kwa hiyo tukaendelea. Injini ikanoki.

Tulivutwa hadi Iringa. Kesho yake fundi akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akaniita: "Mama, njoo uone." Chujio la kunyonyea oili lilikuwa limezibwa na kitu cheusi kama lami iliyopoa. Nikakikwangua kwa ukucha, kikabanduka vipande vipande. Lita saba za oili zilikuwa ndani, pampu ilikuwa nzima, lakini oili haikuwa na pa kupita.

Gari lile tulilinunua kwa sababu moja tu: ni dizeli, na kila tuliyemuuliza alituambia dizeli haili mafuta. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, maana ugonjwa huu hauko kwenye gari moja. Naandika kwa sababu tangu tuanze kusafiri na gari lenye kitanda, jiko la gesi na tanki la maji, watu wananiuliza kila wiki: nichukue Toyota HiAce ya dizeli au ya petroli? Halafu wanaulizia rangi, rimu, na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Kuhusu washa za shaba hajaniuliza hata mmoja.

Washa zenyewe ni pete ndogo, nyembamba, moja chini ya kila nozo, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, pale inapokaa kwenye silinda hedi. Kazi yake ni kuzuia moto wa silinda usipande juu. Kwenye dizeli hizi za kisasa za presha kubwa, washa ikichoka, gesi ya moto inapenya na kuingia kwenye kava la valvu, inaipika oili mpaka inakuwa masizi mazito. Masizi yanashuka kwenye sampu na kwenda kukaa kwenye chujio. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ndiyo inaanza kufa, kwa sababu inazunguka kwa kasi sana na haivumilii kukosa oili. Beringi za krenki zinafuata. Muda wote huo gari linawaka vizuri, linavuta vizuri, na muuzaji anakuzungusha nalo mtaani huku umefurahi. Mafundi wanaoijua 1KD-FTV, ile injini ya cc 3,000 iliyomo kwenye HiAce nyingi za dizeli tulizonazo, wataanza na hapo ukiwauliza.

Sasa hesabu, maana neno "haili mafuta" limewaumiza wengi. Chukua familia inayotembea kilomita 10,000 kwa mwaka, sawa na safari sita za Dar hadi Mbeya kwenda na kurudi. Dizeli ya cc 3,000 iliyobeba kitanda, maji na watu wanne, kwa daftari langu, inakwenda kilomita 10 kwa lita. Petroli ya cc 2,700 yenye mzigo huohuo inakwenda 7 na nusu. Kwa mwaka ni lita 1,000 dhidi ya lita 1,333. Tukiweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, tofauti ni kama milioni moja. Bei halisi utaiona Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inapotangaza. Hapa kwetu dizeli na petroli zinafukuzana. Kuna miezi dizeli ndiyo inakuwa juu.

Milioni moja kwa mwaka si ndogo, sibishi. Lakini sisi Iringa tuliacha milioni sita na laki mbili: nozo nne, turbo, beringi, kuchonga krenki, gasketi, na siku tisa za gesti. Miaka sita ya akiba ya mafuta iliondoka kwa pete nne ambazo ungezibeba zote kwenye kiganja. Hapo sijahesabu kwamba kila sevisi dizeli inakunywa oili nyingi zaidi, ina filta ya dizeli ya kubadilisha na kuitoa maji, na 1KD ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa wakati petroli za HiAce zina cheni. Halafu kuna mafuta yenyewe. EWURA ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na tunajua kilichokuwa kinachanganywa: mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi, na pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe.

Kwa hiyo mimi napanga hivi, na sifichi kwamba ni mtu wa Toyota. Gari la kulala linaharibika mbali na nyumbani, na spea ya HiAce nimeipata Sumbawanga siku ya Jumapili.

Namba moja ni HiAce ya petroli yenye 2TR-FE, cc 2,700. Ukisoma kibati cha gari, herufi za modeli zinakwambia: TRH ni petroli, KDH ni dizeli. Usikubali kuambiwa kwa mdomo, soma kibati. 2TR haina turbo, haina nozo za presha kubwa, plagi zake nne fundi yeyote anazibadilisha. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, na usiku ukishaegesha, ya petroli haikuachii mngurumo na harufu ya dizeli kwenye godoro. Kwa anayetembea chini ya kilomita 15,000 kwa mwaka sioni sababu ya kuiacha. Ubaya wake unaonekana kwenye kituo cha mafuta: tanki ni lita 70, na ukitoka Dar na mzigo utajaza tena kabla ya Mbeya.

Namba mbili itawashangaza vijana: HiAce ya zamani yenye 5L, dizeli ya cc 3,000 isiyo na turbo. Inapanda Kitonga kwa gia ya pili na lori linakupita, sawa. Lakini pampu yake ni ya kizamani, fundi wa kijijini anaielewa kwa sikio, na bomba la presha likivuja unaliona kwa macho. Shida ni kupata ambayo haijapigwa daladala miaka kumi na tano.

Namba tatu ni KDH yenye 1KD, kwa masharti. Kama unatembea sana, zaidi ya kilomita 25,000 kwa mwaka, hesabu ya mafuta inaanza kukupendelea. Ila usinunue kabla ya kufanya haya. Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, uiwashe mwenyewe, usikilize mlio wa "chuf, chuf" pembeni ya nozo. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inawaka: ikipumua kwa nguvu, ondoka. Inua kiti, umulike tochi mizizi ya nozo. Utando mweusi wa lami ni kidonda cha zamani. Mwisho, sampu ya chini ifunguliwe ulione chujio, au fundi apitishe kamera ndogo kwenye tundu la kumwagia oili. Ukishanunua, badilisha washa zote nne hata kama ziko safi. Na kama ina kichujio cha moshi, safari fupifupi za mjini zinakiziba.

GDH, zile HiAce mpya za dizeli za cc 2,800, ni tamu kuendesha na zina cheni. Lakini zilizotoka Japani zinatumia AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli, na sijui utainunua kwa nani ukiwa Katavi. TRH ya cc 2,000 inatosha kwa watu wawili wasiopenda milima. Nissan Caravan ina nafasi nzuri ndani, sina ugomvi nayo. Mazda Bongo na TownAce ni nafuu, mtu mrefu hawezi kunyooka akilala, na siwezi kusema zaidi.

Kuna wanaoniuliza gesi asilia. Petroli inafungwa mfumo wa gesi bila shida kubwa, na Dar ukiwa mjini utafurahia. Mtungi unakaa palepale palipotakiwa kukaa kitanda, na gesi ikiisha mbali na vituo vyake unarudi kwenye petroli.

Kinachonikera mpaka leo ni yadi za kuuzia magari. Yule aliyetuuzia alifungua boneti, injini imeoshwa inang'aa, akasema, "Dada, hii haijawahi kuguswa." Maneno yale ndiyo yalitakiwa kunitisha, kwa sababu dizeli ambayo haijawahi kuguswa ina washa za kiwandani na umri wa miaka kumi na tatu. Nilipompigia kutoka Iringa akaniambia gari likitoka getini si lake tena. Mwaka huu, tulipokuwa tunatafuta TRH, nilizunguka yadi tano na kwa majaribio kila yadi niliomba KDH moja ifunguliwe sampu, gharama juu yangu, oili mpya juu yangu. Wanne walikataa. Bei za KDH hizo zilikuwa juu ya petroli kwa milioni nane mpaka kumi, na sababu waliyonipa wote ilikuwa ileile: haili mafuta.

Wa tano alikubali. Chujio la gari lake lilikuwa safi, waya wake unang'aa kama kichujio kipya cha chai. Kama unatafuta dizeli, gari la namna hiyo ndilo la kulipia hela ya ziada.