Biro ya makazi ya komini: nyota tatu

Mara tatu nimepanda ngazi za biro ya makazi ya komini yetu hapa Bukavu, nikifuata karatasi ya parsele, yaani kiwanja, ya marehemu baba. Dada wa huduma za jamii anastahili sifa: alimpa mama yangu kiti chake mwenyewe, akamsomea fomu polepole kwa Kiswahili. Lakini mafaili, jamani! Yamefungwa kamba, ya chini yameloa. Letu lilikutwa nyuma ya ndoo inayokinga matone. Kifungu cha 48 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinatuahidi makao ya heshima, na paa la biro yenyewe linavuja. Eti kompyuta zinakuja. Waanze na mabati. Nyota tatu, mbili ni za yule dada.