Mkanda wa saa wa pingili zinazovutika: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Kisa chenyewe ni udhu. Saa yangu ni Seiko 5 ya marehemu baba, aliyoletewa na ndugu yake kutoka Muscat, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiivalia mkanda wa ngozi. Ngozi na maji mara tano kwa siku havipatani. Nikiiacha mkononi inaloa, nikiivua naiweka ukutani penye mabomba na kuikumbuka nikiwa rakaa ya pili. Mwishowe mkanda ukaanza kunuka kama kiatu kilichonyeshewa, mke wangu akaniambia, "Baba Salma, hiyo saa ama ibadilishwe mkanda ama ilale barazani."

Nikakumbuka mikanda waliyokuwa wakivaa wazee wetu wa bandarini: pingili za chuma, hakuna bizimu wala tundu, unavuta kama mpira, mkono unapita, mkanda unajirudi wenyewe. Wakati wa kutawadha unaisogeza saa juu na chini, maji yanafika yanapotakiwa kufika, kisha unairudisha. Nikasema huo ndio wangu.

Wa kwanza niliununua kwenye meza ya barabarani hapa Mombasa, shilingi 350, rangi ya dhahabu. Muuzaji aliuvuta mpaka nikaogopa utakatika, akauachia, ukajikunja kwa mlio mzuri. Nikatoa pesa bila hata kuugeuza nitazame upande wa ndani. Baada ya wiki sita hivi dhahabu ilibanduka ndani, na chini yake pakatokea madini ya kijivu. Ngozi ikaanza kuniwasha, vipele vikajipanga kwa mistari kama nimepigwa chapa ya mkanda wenyewe. Hiyo mara nyingi ni kazi ya nikeli, ambayo hutiwa sana kwenye madini ya bei rahisi, na jasho huitoa ikagusa ngozi. Si kila mtu hudhurika nayo. Mimi nadhurika.

Mwezi wa tatu pingili zikaanza kuachana hata mkono ukiwa umetulia mezani. Mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, naisogeza saa juu ili nitawadhe, nikasikia "tak". Pini inayoshika mkanda kwenye saa imechomoka. Saa ya baba ikagonga sakafu, ikateleza hadi kwenye mfereji wa maji. Mzee aliyekuwa pembeni yangu aliiopoa kwa vidole viwili, akaitia sikioni kabla ya kunipa. "Shika, mwalimu. Bado yatembea."

Jumatatu nikaenda kwa fundi wangu wa saa, ambaye meza yake si kubwa kuliko sinia ya biriani. Sikuwa na nia ya kujifunza chochote, nilitaka pini tu. Lakini aliutazama ule mkanda, akacheka, akatandika kitambaa cheupe na kuanza kuufungua, nami nikavuta kigoda.

Kumbe hamna mpira hata kidogo mle ndani. Kila pingili ni kisanduku kidogo cha bati la chuma lililokunjwa, kitupu katikati. Visanduku viko safu mbili: ya juu tunayoiona, na ya chini inayolalia ngozi. Safu ya chini imesogezwa nusu hatua, kwa hiyo kila kisanduku cha chini kinakaa chini ya mpaka wa viwili vya juu, kama matofali ya ukuta. Vinavyoshikanisha safu hizo ni vibanio vya umbo la U vilivyoingizwa kutoka ubavuni, kushoto na kulia, mguu mmoja ndani ya kisanduku cha juu, mguu wa pili ndani ya kile cha chini. Na ndani ya kisanduku, kukandamiza miguu hiyo, mna springi bapa. Fundi aliitoa moja kwa koleo na kuiweka kwenye kucha ya dole gumba langu. Nyembamba, imepinda kidogo tu, kama ukindu uliochanwa wa kusukia mkeka.

Ukivuta mkanda, vibanio vyote vinainama upande mmoja. Miguu yake ni bapa, kwa hiyo inapojizungusha ndani ya kisanduku inaiinua ile springi. Ukiachia, springi inaikandamiza miguu irudi kulala. Basi. Akili yote ya muundo huu ni kwamba hakuna springi hata moja inayobebeshwa kazi nzima; kila pingili inafunguka milimita moja, labda mbili, nazo zikiwa thelathini hivi unapata nafasi ya kupitisha kiganja. Ndiyo maana mkanda mzuri unaweza kuusokota kama kamba ukanyooka tena.

Mkanda wangu wa shilingi 350 ulikuwa na springi safu ya juu peke yake. Chini, visanduku vitupu. "Mwalimu," fundi akaniambia, kioo bado jichoni, "wewe umeuziwa ghorofa. Juu wamo watu, chini mahame."

Hapo ndipo ilipoeleweka na ile pini kuchomoka. Springi za safu moja zilipochoka, mkanda ukawa hauvutiki sawasawa: sehemu moja imelegea, nyingine imekaza, na kila nikivuta nguvu yote inaishia kwenye ncha, kwenye pini nyembamba isiyotengenezwa kwa kuburutwa.

Kutoka kwenye mkebe wa vyuma chakavu akanitolea mkanda mwingine, mzee kuliko mimi pengine, umekwaruzika vibaya lakini ukivutwa unarudi kimya bila kuacha mwanya. Ndani umepigwa chapa: Fixoflex. Jina hilo lilitoka kwa kampuni ya Rodi & Wienenberger ya Pforzheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mji ambao kazi yake ya saa na vito ilianza 1767, hata Wajerumani wenyewe wanauita Mji wa Dhahabu. Uliteketezwa kwa mabomu ya Waingereza tarehe 23 Februari 1945. Mafundi wa mji huohuo ndio waliotoa mkanda huu miaka ya 1950. Wamarekani wanaujua kwa jina jingine, Twist-O-Flex, uliotolewa 1959 na Speidel ya Providence, na katika matangazo ya televisheni walikuwa wakiufunga fundo ili watu waamini. Nilimwomba fundi aniuzie ule Fixoflex. Akakataa. Ni wa mteja, akasema, na mteja huyo hajarudi tangu mitihani ya kwanza ya 8-4-4, ule mfumo wa shule wa Kenya.

Basi nikaagiza mwingine mtandaoni, ukaja kwa basi kutoka Nairobi. Shilingi 1,900. Ni chuma kisichoshika kutu, rangi yake ya asili, haukupakwa chochote. Safari hii niliuliza kabla ya kulipa: ndani ni chuma kilekile cha nje? Safu zote mbili zina springi? Muuzaji hakujua hilo la pili, lakini alikubali kunitumia video akiukunja kinyumenyume. Hiyo ilinitosha. Ukiukunja hivyo unaona visanduku vya chini vikifunguka na kufunga. Vikichelewa kufunga, achana nao. Ncha zake zinatanuka kutoka milimita 16 hadi 22, nafasi ya pini kwenye Seiko yangu ni 18, na ziliingia bila kulazimishwa. Pini nilinunua mpya, nene kidogo, kwa fundi.

Sasa kipimo, na hapa ndipo nadhani watu wengi wanaiharibu mikanda hii na kuilaumu bure. Mimi nilifikiri mkanda wa kuvutika hauhitaji kupimwa, si unavutika? Fundi aliniambia ni kinyume kabisa. Mkanda ukiwa umetulia mkononi haupaswi kuvutika hata chembe. Aliuvisha, akanishika kifundo cha mkono, akauinamisha kwenye taa. Pingili zikionyesha mwanya, umebana, na springi hazipumziki usiku na mchana mpaka zinakufa. Ukitikisa mkono saa ikageukia upande wa chini wa mkono, umelegea. Wangu ulilegea. Akatoa pingili tano, kama sentimita mbili hivi. Hakukata kitu: aliinua vijibawa vidogo kwenye kingo za pingili za juu kwa ncha ya kisu, akasukuma vibanio vikatoka ubavuni, akaondoa idadi ileile juu na chini, akaunganisha, akakandamiza vijibawa. Shilingi mia moja, dakika kumi. Msijaribu nyumbani kwa kisu cha jikoni. Vijibawa hivyo ukivikunja mara tatu nne vinakatika.

Nimeuvaa mwaka mmoja na miezi sita. Kwa udhu, sina la kulalamika. Naisogeza juu, natawadha, naishusha. Ngozi haiwashi. Nilichojifunza ni kuutanua kwa vidole kabla ya kupitisha kiganja, siyo kuuburuta. Ukiuburuta, malaika, zile nywele laini za mkono, yanaingia katikati ya pingili zikiwa wazi, zikifunga zinayang'oa, na utatoa sauti ambayo msikitini haifai. Shemeji yangu, ambaye Mungu amemjalia mikono ya dubu, aliuvaa nusu saa tu akanirudishia bila maneno.

Uchafu upo. Jasho, sabuni na vumbi vinaingia kwenye visanduku na kutoka vimekuwa tope jeusi, nami nililigundua kwenye mkono wa kanzu nyeupe siku ya Idi, mahali pabaya kabisa. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi natoa saa, naulowesha mkanda kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, nausugua kwa mswaki mzee huku nikiuvuta na kuuachia, kisha nauanika mpaka ukauke ndani. Jamaa mmoja alinishauri niutie mafuta ya cherehani. Nilitia mara moja. Vumbi lote la mtaa wa Makadara likahamia mkononi mwangu.

Ubaya mkubwa ninaouona ni mmoja. Mkanda usio na bizimu ni mkanda unaotoka kirahisi, na wanaovuta saa za watu dirishani mwa matatu wanalijua hilo kuliko sisi. Bizimu humpa mwizi kazi. Huu unampa saa na kumkaribisha tena. Mimi nikipanda matatu naivua, naitia mfuko wa ndani. Tena haufai kwa saa nzito. Mpwa wangu aliufunga kwenye saa lake la kuzamia, dude kama kifuniko cha kopo, na kila akitembea linayumba, springi zinavutwa na uzito siku nzima. Wiki ya tatu mianya ikaanza.

Muundo huohuo, nikaja kugundua, umo kwenye bangili ya binti yangu. Ni zile za vipande vya mraba vyenye herufi na maua, ambazo kampuni ya Nomination ya Florence, Italia, ilizianzisha na sasa zinaigwa kila mahali. Nilimwomba anionyeshe ndani. Vibanio vilevile, springi bapa zilezile, ila zimefanywa mtu aweze kutoa kipande na kutia kingine mwenyewe kwa kucha. Salma akanitazama kana kwamba nimechelewa miaka kumi. "Baba, kwani ulidhani inavutika kwa nini?" Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu pingili zake ngapi zina springi chini. Zote zinazo, alhamdulillahi, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko mkanda wangu.

Kama ningekuwa mimi ninayebuni mkanda huu, ningebadilisha kitu kimoja: kingo za visanduku vya chini. Zangu zimekatwa wima, na ukiupitisha ukucha unasikia meno. Ule Fixoflex wa fundi kingo zake zilikuwa zimeviringishwa kidogo kwa ndani, nadhani ndiyo maana uliteleza mkononi kama hariri. Ni kazi ndogo kiwandani, na ingewaokoa akina shemeji.

Je, ningenunua tena? Ningenunua, wa chuma kitupu, wa safu mbili zenye springi, na siku hiyohiyo ningeupeleka kwa fundi kupimwa. Wa dhahabu ya barabarani, hata nikipewa bure sitauvaa.

Zile pingili tano zilizotolewa nimezitia kwenye kiberiti kitupu, kabatini. Nilitaka kuzitupa, fundi akanizuia. Mikono ya wanaume wa rika langu, akasema, hunenepa Ramadhani ikiisha.