Nilienda kwa Livingstone, Ujiji, kuwatafuta wapagazi

Mimi ni wa Tabora, na kwetu tuna tembe la Kwihara, nyumba aliyokaa Livingstone, yule mmisionari msafiri, kwa hiyo habari zake nimezisikia tangu utotoni. Nilikuwa Kigoma kwa msiba upande wa shemeji yangu. Watu walipoanza kutawanyika, nikapanda daladala ya Ujiji. Ukishuka usisumbuke na ramani ya simu, we uliza tu "kwa Livingstone ni wapi?" Hata watoto wanajua. (Mimi nilijifanya mjanja nikachukua boda, akanishusha mtaa mwingine kabisa na bado akadai nauli kamili.)

Uwanja wenyewe umetulia. Kuna jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika na msalaba, na miembe ambayo inasemekana ni uzao wa ule uliokuwapo Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipofika mwaka 1871. Ndani ya jumba la makumbusho kuna zile sanamu mbili maarufu za wazungu hao wanaovuliana kofia. Ukiingia na watoto watacheka, na hakuna ubaya.

Mzee aliyenipokea nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza nimetoka wapi. Niliposema Tabora alitabasamu kama mtu aliyepata mteja wake. Mimi babu yangu ni Mnyamwezi, na safari nzima ya Stanley kutoka Bagamoyo ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kwenye sanamu sikuwaona. Nikamwuliza mzee: na waliobeba? Hapo ndipo ziara yangu ilipoanza kwa kweli. Kumbe kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, Livingstone hakuwa wa kwanza kumsalimu hapa Ujiji. Alitanguliwa na Susi, akafuata Chuma, watumishi wake. Hao hao ndio waliokuwa kwenye msafara uliobeba maiti ya Livingstone mwaka 1873, kutoka Chitambo, Zambia ya leo, ukapita kwetu Unyanyembe hadi Bagamoyo. Mzee alisimulia bila haraka, mara anyooshe mkono mashariki, mara anyamaze. Akataja na pembe za ndovu, akataja na watumwa waliopitishwa njia hiyo hiyo. Ukienda, usipige picha mbili ukaondoka. Uliza maswali, maana mali ya pale iko mdomoni kwa mwenyeji kuliko kwenye kuta. Ningefurahi siku moja Susi naye achongewe sanamu.

Jambo moja linawachanganya wageni: Ziwa Tanganyika halipo hapo. Zamani maji yalikuwa jirani na mwembe, siku hizi yamerudi nyuma, inabidi uteremke kwa miguu. Teremka! Ufukweni mafundi wanaunda maboti ya mbao, na kwangu hilo ndilo jumba la sanaa lenyewe, ila halina paa. Nilikaa karibu saa nzima nikimtazama kijana anavyopiga kalafati: anasokota pamba, anaishindilia kwenye mwanya kati ya mbao na mbao, tako tako tako, halafu anapapasa kwa kidole kama mama anayepima joto la mtoto. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukinunua soda nunua zaidi ya moja.

Kurudi mjini, pitia stesheni ya reli, jengo la enzi ya Mjerumani. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Kuhusu chakula sina maneno mengi: mgebuka (samaki wa ziwani), ugali, mawese, basi.

Beba pesa taslimu, noti ndogondogo. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na uvae viatu vya kukanyaga mchanga.

Nilipoaga, fundi mmoja mkubwa aliuliza natokea wapi. Nikasema Tabora. Akaniangalia begani, akaonyesha ubao mrefu uliolala mchangani: "Afadhali umekuja, ndugu yangu. Huu ulikuwa unakusubiri wewe, bebeni kama mlivyozoea."

Nikaubeba.