Mbwa wanakaribishwa, na sumu ya panya iko nyuma ya friji: uzoefu wangu

Nianze na sifa, nisije nikaonekana nimekuja hapa kumwaga hasira tu. Mahali penyewe, nyumba ya mapumziko ya shambani, ni pazuri. Jioni ile tulipofika ungeniuliza, ningekwambia usipoteze muda kusoma maoni ya watu, lipia sasa hivi kabla wengine hawajakuwahi. Leo ukiniuliza nakwambia soma mpaka mwisho halafu uamue mwenyewe, maana mimi kila nikijaribu kuamua nageuka.

Sisi wenye mbwa tunazijua hizi nyumba za mapumziko za mashambani. Tangazo linasema mbwa ruhusa, ukifika unakabidhiwa karatasi ya makatazo: asipande kwenye kochi, asiingie chumbani, asiachwe peke yake, asibweke. Sasa kama habweki na haingii ndani si afadhali ningekuja na mbuzi. Hapa karatasi hiyo haikuwepo. Mlangoni nilikuta bakuli mbili za maji, ndoano za kutundikia kamba, na rundo la taulo kuukuu za kufutia miguu yenye tope. Nikazunguka uzio wote nikiusukuma kwa goti, kama kawaida yangu, nikitafuta pa kupenya. Hakuna. Waya umefukiwa chini kabisa ili mbwa asichimbe akatoka, na geti lina komeo la maana. Nikajisemea, hawa watu wanafuga, wanajua wanachofanya.

Kumbe wapi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni najaza chupa za maji ya matembezi. Nikasikia kitu kinatafunwa. Mwenye mbwa anaijua sauti hiyo, na anajua pia kwamba kama hujampa kitu basi ametafuna asichotakiwa kutafuna. Bosi, yule mbwa wangu mzee, alikuwa amelala mlangoni kama gunia. Mwewe, huyu binti ambaye hajafikisha hata utu uzima, alikuwa amejipenyeza nyuma ya friji, yanaonekana makalio tu na mkia unapepea kwa furaha. Nikamvuta kwa miguu ya nyuma. Mdomoni ana kipande cha bluu iliyokolea, cha mraba, kina tundu katikati. Ulimi bluu, fizi za mbele bluu, na mate yanayodondoka sakafuni bluu vilevile. Nikaingiza vidole nikatoa nilichoweza kutoa. Kule nyuma kulikuwa na kitrei cha plastiki chenye nafasi ya vipande vinne, kimebaki kimoja. Hivyo vingine viliondoka na panya zamani au viliondoka na Mwewe dakika ile ile, nani wa kuniambia?

Nikampigia daktari wa mifugo. Swali lake la kwanza halikuwa mbwa ana uzito gani wala amekula kiasi gani. Aliuliza: "Sumu inaitwaje? Nisomee kilichoandikwa kwenye pakiti." Pakiti haikuwepo. Akaniambia nimpigie mwenye nyumba upesi, na nisimpe mbwa chochote, si maziwa, si chakula, si maji ya chumvi ya kumtapisha, mpaka tujue ni nini.

Mazungumzo yangu na mwenye nyumba nayakumbuka neno kwa neno, na nadhani nitaenda nayo kaburini.

"Samahani kaka, ile sumu nyuma ya friji ni ya aina gani?"

"Sumu gani?"

"Ya panya. Ya bluu. Mbwa wangu ameila."

"Aa, hiyo. Hiyo ni ya panya tu."

"Naelewa ni ya panya. Jina lake? Pakiti yake iko wapi?"

"Dada yangu, mbona unakuza mambo? Hiyo ni chungu, mbwa hawezi kuila."

"Ameshaila!"

"Basi atakuwa ameonja. Mbwa mwenye akili hali sumu."

Akasema yuko kwenye kikao, akakata simu. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, imezimwa.

Mbwa mwenye akili hali sumu! Jamani. Vile vipande vinatengenezwa kwa nafaka na mafuta makusudi kabisa ili mnyama avutiwe avile. Ndiyo kazi yake. Nyingine hutiwa kitu kichungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme, lakini mbwa ni mnyama ambaye ukigeuka tu anakula kinyesi cha farasi na kulamba mdomo kwa raha. Uchungu utamfanya nini? Na hata kama mbwa wangu hana akili, nikubali kwamba hana, je, aliyetega sumu wazi sakafuni katika nyumba anayoitangazia wenye mbwa, huyo tumwite nani?

Nieleze kwa nini jina lilikuwa jambo la kufa na kupona, maana baadaye kuna mtu aliniambia sumu ni sumu tu. Hapana. Zile za kawaida, kama bromadioloni na brodifakumu, zinazuia damu kuganda. Ini linahitaji vitamini K ili litengeneze vitu vya kugandisha damu, na sumu hizi zinamzuia mnyama asiitumie tena vitamini hiyo. Vilivyokuwemo mwilini vinaisha polepole, kwa hiyo mbwa anaonekana mzima kabisa, anacheza, anakula, halafu baada ya siku 3 mpaka 5 anaanza kuishiwa nguvu, fizi zinapauka, anakohoa, anavuja damu kwa ndani. Dawa ipo, nayo ni vitamini K1. Lakini kuna bromethalini, hiyo inavimbisha ubongo na haina dawa ya kuiondoa makali. Kuna kolekalsiferoli, inayopandisha kalsiamu kwenye damu na kuua figo. Na kuna fosfidi ya zinki, ambayo ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi. Ukimpa mbwa chakula ndiyo unaichochea, na akitapika ndani ya chumba kilichofungwa, gesi hiyo inaweza kumdhuru hata aliyemshika. Rangi nayo haisaidii, kwa sababu kila kiwanda kinatia rangi kinayoitaka. Kwa hiyo pale jikoni, mikono imejaa mate ya bluu, nilikuwa sijui kama nimeshika mbwa wa kutibika au la. Na mwenye jibu yuko kwenye kikao.

Aliyetuokoa ni mzee anayekata majani. Alikuwa nje anafuta panga, nikamkimbilia nalia hata salamu sikutoa. Akasikiliza, hakusema nakuza mambo. Akasema tu, "Ngoja mama," akaweka panga chini, akaelekea stoo nyuma ya tangi la maji. Nikasikia magunia yanapinduliwa, makopo yanaanguka. Akarudi na kipande cha boksi kilicholiwa na mchwa pembeni, kimebaki nusu ya lebo. Nusu ile ilitosha: bromadioloni. Nikaipiga picha lebo hiyo nikamtumia daktari. Daktari akajibu, "Hiyo naijua. Mlete sasa hivi, saa chache hizi za kwanza ndizo za kumtapisha."

Tulifika. Akachomwa sindano ya kumtapisha, na kilichotoka sitakielezea zaidi ya kusema kilikuwa bluu na kilikuwa kingi, si cha mbwa aliyeonja. Damu ilipimwa siku zilizofuata, kwa kuwa ukipima siku ile ile majibu hutoka mazuri na kukudanganya. Halafu vidonge vya vitamini K1 kwa wiki nyingi, vinapewa pamoja na chakula chenye mafuta ili vifyonzwe vizuri. Mwewe yu mzima. Naandika haya yuko chini ya meza anatafuna kiatu, na safari hii namwacha tu.

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoanza kuyumba, naomba mnivumilie. Kwa sababu hatukuondoka. Daktari alitaka Mwewe atulie, asihangaishwe na safari ndefu, na nyumba nilishailipia. Nikaisaka sumu kila pembe, nikiwa nimelala kifudifudi na tochi ya simu mdomoni, nikakuta kitrei kingine chini ya kabati la sinki, nikavifunga vyote kwenye mfuko na kumkabidhi yule mzee. Mwewe akabaki na dada yangu. Mimi na Bosi tukaingia njiani.

Njia hiyo, jamani. Inaanzia geti la nyuma, inapita ukingoni mwa kijito, inaingia msituni. Hakuna pikipiki, hakuna gari, hakuna mtu wa kukufokea ufunge mbwa wako. Udongo laini, majani yaliyooza, kivuli mwanzo mwisho. Bosi ana maumivu ya nyonga. Kwenye lami anatembea kidogo tu anakaa chini na kuniangalia kama vile mimi ndiye niliyemzeesha. Huku alitembea asubuhi nzima. Kimya kilikuwa cha kiasi kwamba nilisikia pua yake ikivuta harufu, vuu, vuu, kisiki kimoja mpaka kingine. Kijito kina mahali maji yanamfika tumboni. Alisimama hapo bila kufanya lolote, amefumba macho. Hicho ndicho nilichokifuata, na nilikipata. Siwezi kukikana kwa sababu ya mwenye nyumba mmoja asiye na adabu.

Ila mjue kuna malisho katikati ya njia, na kuna ng'ombe wenye ndama. Mbwa afungwe kamba hapo, mzungukie mbali, msipite kati ya mama na mtoto wake. Ng'ombe wakija kwa kishindo mwachie mbwa kamba. Wanamtaka yeye, na yeye ana mbio kuliko wewe. Kupe nao wapo wa kutosha kwenye yale majani marefu. Mkirudi mkague masikio, makwapa, na katikati ya vidole vya miguu, na mkimkuta kupe mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi mmvute taratibu bila kumminya. Msimpake mafuta wala kumchoma. Haya yote tangazo halikuyasema, lakini haya sikasiriki, ni ya porini. Kupe hakuwekwa na mtu nyuma ya friji.

Na panya vilevile. Sisemi nyumba ya shamba isiwe na panya, huo utakuwa uchizi. Ila kuna mitego, na kuna visanduku vya sumu vinavyofungwa kwa ufunguo, panya anaingia, pua ya mbwa haiingii. Hata hapo mgeni aambiwe, kwa sababu mbwa anaweza kudhurika hata kwa kula panya aliyekwisha kula sumu. Sentensi moja tu kwenye ujumbe wa kutukaribisha ingetosha: sumu ipo mahali fulani, jina lake hili. Alipata nafasi ya kunieleza jinsi ya kuwasha maji ya moto, tena kwa picha.

Basi nilipofika nyumbani hasira zilikuwa zimepungua. Nikaandika nyota tatu: moja ya njia, moja ya uzio, moja ya yule mzee ambaye si haki mshahara wake autoe mtu kama huyo. Nilikuwa hata nawaza kwamba tunaweza kurudi, tukitanguliza kukagua. Kabla sijabonyeza kutuma, ukaingia ujumbe wa mwenye nyumba. Nikadhani anamuulizia mbwa. Kumbe ananiarifu kwamba amekata kwenye amana yangu gharama ya usafi, kwa sababu ya manyoya kwenye kochi, na kwamba wageni wengine hawajawahi kulalamika. Na vile vitrei viwili vya plastiki, anauliza, nimevipeleka wapi?

Nimeweka nyota moja. Ni ya mzee. Mkienda, mtafuteni yeye kwanza, mwombeni awaonyeshe stoo, na namba ya daktari wa mifugo wa karibu iwe kwenye simu kabla hamjashusha mizigo. Mwenye nyumba msihangaike naye, yuko kwenye kikao.